Siku Afande Alipomfundisha Simba

Wakati huo tuliishi katika kambi ya polisi mjini Jinja, ambako watoto wa Wasoga, Waacholi, Wateso na Walugbara tulicheza na kugombana kwa Kiswahili, na amri zote, ziwe za askari au za mbwa, zilitolewa kwa lugha hiyo hiyo. Mbwa wetu Simba alifungiwa bandani mchana kutwa na kufunguliwa usiku alinde, kama ilivyo desturi ya nyumba nyingi nchini Uganda, na kila alipoona baiskeli alipandwa na hasira. Alipomrarulia muuza mkate suruali, baba alikwenda kukata fimbo.

Aliyemzuia ni afande mmoja mstaafu ambaye katika utumishi wake alikuwa akiongoza mbwa wa kunusa. Alifika Jumamosi alasiri, akamwomba mama mukene, yaani dagaa, wakavu, akamfunga Simba kamba ndefu na kumpeleka uwanja wa mpira, kisha akaniagiza nikokote baiskeli kutoka goli la mbali. Kila Simba alipoitazama bila kubweka, afande alitamka “Vizuri!” na papo hapo akamtia mukene mdomoni. Manyoya ya shingo yalipomsimama, mimi ndiye niliyefokewa: “Rudi nyuma, kijana, umemkaribia mno!”

Baba aliuliza kwa nini asichapwe mara moja yakaisha.

“Sajenti, ukimpiga anapotazama baiskeli, atajua kwamba baiskeli ndiyo inayoleta maumivu. Na ukimpiga kwa kunguruma, ataacha kunguruma. Siku nyingine atauma bila kuonya.”

Maneno hayo ndiyo yaliyonikaa zaidi. Baadaye sana, niliposoma habari za Ivan Pavlov, Mrusi aliyepewa Tuzo ya Nobel mwaka 1904 kwa utafiti wa mmeng’enyo wa chakula, na ambaye mbwa wake walidondokwa na mate kwa ishara tu kabla ya chakula chenyewe kuletwa, niliona kwamba uwanjani pale baiskeli ilikuwa imegeuzwa kutoka dalili ya shari kuwa dalili ya mlo.

Baba naye alijaribu, lakini mkono wake ulichelewa mfukoni, na mukene ulipotoka Simba alikuwa ameshamrukia kifuani. “Hapo umemlipa kwa kuruka,” afande akasema, nasi watoto tukajizuia kucheka.

Kufikia magharibi niliweza kupita na baiskeli hatua chache tu kutoka kwa Simba, naye akautazama mfuko wa afande badala ya magurudumu. Hata hivyo afande alisisitiza kwamba mbwa aliyejifunza uwanjani hajajifunza langoni, kwa hiyo kule tungeanza tena kwa mbali. Na kwamba Simba atembezwe kila asubuhi, agizo ambalo kwa maoni yangu lilikuwa na uzito kuliko mukene wote. Mama akauliza nani atakayewanunua hao mukene kila siku. Afande akajibu kwamba mbwa akishazoea hupewa mara moja moja, bila kujua ni lini, na bado atatii. Baba, aliyekuwa kimya tangu kurukiwa, akanituma sokoni nikalete mikebe miwili.