Gesi isiyotoroka

Nimetoka mhadhara wa falaki hapa mjini sasa hivi. Niko kwenye matatu, Thika Road imesimama, na akili bado iko huko juu.

Tumeonyeshwa picha ya eksirei ya kundi la galaksi (mikusanyiko mikubwa ya nyota) la Perseus. Unachoona ni gesi yenye joto la mamilioni ya digrii, imetanda kama moshi wa mahindi choma.

Gesi moto hivyo ilifaa kutawanyika. Wapi!

Wanapima joto na msongamano wake toka katikati hadi pembeni, wanapata mvutano unaoishikilia, na uzito unaotakiwa kuleta mvutano huo. Nyota na gesi zote hazifiki hata robo ya uzito huo! Kilichobaki hakionekani; ndicho wanachokiita mada ya giza (dark matter).

Halafu setilaiti ya kwanza ya kuchunguza eksirei kutoka angani, Uhuru, ilirushwa 12 Desemba 1970 kutoka pwani ya Malindi. Malindi yetu!

Wangapi mlijua?