Raba zilizogeuka vinyago

Juni 2019 mji wetu huu wa Toronto haukulala. Raptors, timu yetu ya kikapu, walikuwa wametwaa ubingwa wa NBA tarehe 13, na mmoja wa wachezaji wao alikuwa Serge Ibaka, kijana wa Brazzaville. Bosi wa timu alikuwa Masai Ujiri, ambaye baba yake ni Mnigeria na mama yake Mkenya. Kwenye basi la alfajiri la kwenda kazini, ambako siku zote kila mtu huegemea dirisha lake akasinzia, Waafrika tulishikana mikono kama ndugu waliokutana arusini. Mwanangu, wakati ule ana miaka 11, alivaa jezi ya timu siku nne mfululizo, mama yake akaifua usiku mtoto akiwa amelala.

Wiki iliyofuata likafunguliwa onyesho katika jumba la sanaa la Ontario, AGO, pale Mtaa wa Dundas. Mtoto aliliona tangazo lake: kinyago chekundu, cheusi na cheupe, na ukitazama vizuri unagundua kwamba ni kiatu. Air Jordan. "Baba, twende," akasema, na kwa mtoto ambaye kila nikimtajia jumba la makumbusho huanza kuumwa tumbo, sikuhitaji kuambiwa mara mbili.

Ndani, ukumbi mkubwa ulikuwa umechorwa mistari ya uwanja wa kikapu sakafuni. Vinyago vilikuwa ndani ya makabati ya vioo. Mwanangu alisimama mbele ya cha kwanza, akakitazama, kisha akanigeukia uso umembadilika. "Baba, ameziharibu!"

Niseme hapa kwamba mimi ni mtu wa raba. Kabla ya kuja Kanada niliuza viatu vya mtumba soko la Karume, Ilala, Dar es Salaam, miaka sita. Tulikuwa tunafungua belo kabla jua halijachomoza, watu wamezunguka na tochi, na kiatu kizuri kilipata mwenyewe kabla hakijagusa turubai. Nilijifunza kuijua orijino kwa kidole tu, kwa kupapasa mshono wa ndani. Jordan ilikuwa haikai mezani. Ikitokea jozi nzima na soli haijaliwa, unampigia simu mteja wako wa chuo, anakuja na bodaboda.

Kwa hiyo nilielewa uchungu wa mtoto. Hata mimi mkono ulitaka kwenda kwenye kioo, niziokoe zile Jordan kabla hazijamalizika. Lakini nilivyozidi kusogea nikaanza kuona kazi yenyewe. Aliyezitengeneza alizifumua vipande vipande, kisha akazishona upya kwa mpangilio mwingine kabisa. Kimoja kina mdomo uliopinda kama wa ndege mkubwa. Kingine kina macho ya pande mbili na nywele ndefu nyeusi zinazoshuka hadi chini, nywele za mtu. Na hakuficha kitu. Alama ya Nike imo, yule mchezaji anayeruka na mpira naye yumo, palepale shavuni au kwenye paji la uso.

Msanii huyo anaitwa Brian Jungen. Alizaliwa mwaka 1970 Fort St. John, kaskazini-mashariki mwa jimbo la British Columbia. Mama yake alikuwa wa watu wa Dane-zaa, mmoja wa Mataifa ya Kwanza ya Kanada, na baba yake mwenye asili ya Uswisi. (Sisi nyumbani tulikua tukiwaita watu hawa "Wahindi Wekundu", kama vitabu vya shule vilivyotufundisha. Nimeliacha neno hilo, na wanangu hawalijui.) Vinyago hivi alianza kuvitengeneza mwaka 1998 na kumaliza 2005, akavipa jina la pamoja Prototypes for New Understanding, yaani vielelezo vya kwanza vya uelewa mpya. Viko 23. Mwanangu ndiye aliyenieleza kwa nini 23: ndiyo namba ya jezi ya Michael Jordan.

Wazo lenyewe lilimjia New York. Aliona raba za Jordan zimewekwa kwenye makabati ya vioo dukani, taa zinazimulika, kama vile makumbusho yanavyoweka vinyago vya mababu. Akaona pia kwamba rangi zake, nyekundu, nyeusi na nyeupe, zinakaribiana sana na rangi za vinyago vya makabila ya pwani ya Pasifiki kule kwao. Basi akanunua viatu dukani, akachukua kisu na sindano.

Lakini kilichonikaa rohoni tangu siku ile ni jambo ambalo nililisoma ukutani, karibu nilipite. Vinyago vile vya pwani si vya kabila lake. Ni sanaa ya Wahaida, Watlingit, Wakwakwaka'wakw na majirani zao, watu wa baharini, wa mierezi na nyangumi. Wadane-zaa ni watu wa bara, wawindaji wa nyikani, upande wa pili wa milima. Ila British Columbia ikitaka kujionyesha kwa wageni hutoa sura moja tu, ile ya pwani. Iko kwenye uwanja wa ndege, iko kwenye vikombe, fulana na kadi za posta. Ukisema wewe ni mwenyeji asilia wa jimbo lile, sura hiyo ndiyo unayovishwa, utake usitake. Jungen aliichukua sura hiyohiyo waliyomvisha, akaishona kwa kitu ambacho dunia nzima inakitamani.

Mimi ni Mpare wa Same. Wenyewe tunajiita Vaasu, kama wao wanavyojiita Dane-zaa, maana yake watu halisi, wakati Waingereza waliwapachika jina la mnyama wa mtoni. Mwaka nilioapa kuwa raia wa Kanada, wenzangu wa ghalani walinifanyia sherehe ndogo wakati wa mapumziko ya chakula. Keki, bendera ndogo za karatasi, na zawadi: shuka nyekundu ya Kimasai, imekunjwa vizuri, na kadi iliyoandikwa kwamba wameona ni vyema niwe na kitu cha watu wangu. Walichanga pesa zao. Mmoja wao alitafuta wiki mbili mtandaoni. Niliivaa begani nikapiga nao picha, na machozi yalinilenga, kwa sababu mapenzi yao yalikuwa ya kweli na kwa sababu hakuna hata mmoja aliyewahi kuniuliza watu wangu ni akina nani. Miaka yote ile sikuwa na neno la kuelezea nilichohisi siku hiyo. Mbele ya kabati la kioo, nikiwa na mwanangu, nililiona neno lenyewe limeshonwa kwa ngozi ya kiatu.

Na viatu vyenyewe vina hadithi. Pale Karume zilikuwa zikija jozi za MBT, raba nzito zenye soli iliyobinuka kama mtumbwi. Herufi zile zinasimama badala ya Masai Barefoot Technology, teknolojia ya Kimasai ya kutembea pekupeku, na kampuni iliyoanzisha ni ya Uswisi. Wateja wangu waliokuwa Wamasai, wengi wao walinzi wa usiku mjini, walipita mbele ya meza yangu wamevaa katambuga za tairi la gari. Niliuza jina lao kwa wengine, wao wakiwa wanapita. Wakati ule niliona ni biashara tu.

Kuna historia nyuma ya vioo vile pia, na sikuijua mpaka nilipoanza kuuliza. Watu wa pwani ya Pasifiki wana sherehe kubwa iitwayo potlatch. Mwenye cheo huwaita watu, vinyago vinachezwa, majina na haki za ukoo zinatangazwa, na mwenyeji anagawa mali yake mpaka inakwisha, maana heshima iko katika kutoa. Serikali ya Kanada iliipiga marufuku kuanzia mwaka 1885, na marufuku hiyo haikuondolewa hadi 1951. Mwaka 1921 watu walikamatwa kwa kosa la kucheza na kugawa zawadi, na ili wasiende jela wengine walilazimishwa kutoa vinyago vyao, mabamba yao ya shaba na kayamba zao. Vitu hivyo vikatawanywa kwenye makumbusho, hata hapa Toronto vilifika. Wenyewe walivipigania miaka na miaka. Mwaka 1980 jengo la kuhifadhi vilivyorudi, U'mista, lilifunguliwa Alert Bay, kijiji cha kisiwa kidogo kule pwani.

Mwaka 1885 unanishtua kila ninapoutaja. Februari ya mwaka huo ndipo mfalme wa Ujerumani alipompa Carl Peters hati ya ulinzi juu ya Usagara, Nguru, Uzigua na Ukami. Nilisoma hilo shuleni nikalikariri kwa ajili ya mtihani. Sikufikiri kwamba mwaka uleule, upande mwingine wa dunia, mtu mwingine alikuwa anakatazwa kuvaa kinyago cha babu yake.

Kazi nyingine za Jungen nimeziona kwenye picha. Kuna mifupa ya nyangumi iliyotengenezwa kwa viti vyeupe vya plastiki, vile vilevile vya kukodisha, tunavyokalia msibani na kwenye vikao vya harusi. Viunzi hivyo vya nyangumi viko vitatu, na cha kwanza, Shapeshifter cha mwaka 2000, kimo katika jumba la sanaa la taifa Ottawa. Kuna nguzo ndefu za mabegi ya gofu, zimepangwa mfano wa nguzo za ukoo za pwani, na jina la kila moja ni mwaka. Ukitaka kujua kwa nini gofu, tafuta habari za Oka, karibu na Montreal, mwaka 1990. Wamohawk, taifa jingine la wenyeji asilia, walikaa siku 78 wakizuia uwanja wa gofu usipanuliwe kwenye msitu wao wa misonobari na makaburi yao, na jeshi likaletwa.

Miaka mitatu baada ya siku ile na mwanangu, AGO ikasimamisha kazi yake nyingine nje, kona ya Dundas na McCaul, tramu ya 505 inapita mbele yake. Ni tembo wa shaba. Alimjenga kwanza kwa masofa ya ngozi yaliyotupwa, ndipo akamimina shaba kwa mfano huo, hivyo mikunjo na mishono ya masofa imebaki mwilini mwa mnyama. Mtu aliyewahi kuhamia mji huu na mabegi mawili anayajua masofa hayo. Watu huyaweka kando ya barabara wakihama, na ukiwahi kabla ya mvua ni lako. La kwetu la kwanza tulilibeba mimi na jirani Msomali mitaa minne, tukipumzika kila kona kwa kulikalia.

Tembo huyo ni kumbukumbu ya tembo wa kweli. Alikamatwa akiwa ndama huko mpakani mwa Sudan na Uhabeshi, akapelekwa Paris, kisha London mwaka 1865, na mwaka 1882 akauzwa kwa Barnum, mwenye sarakasi wa Marekani. Aligongwa na treni St. Thomas, hapahapa Ontario, Septemba 1885. Ndiyo, 1885 tena. Jina lake lilikuwa Jumbo, na Kiingereza kinaita ndege, soseji na kila kilicho kikubwa kwa jina la mnyama huyo. Wapo wanaolihusisha na neno letu jumbe, wengine jambo. Jungen aliipa sanamu yake jina la Kidane-zaa, Sadzěʔ yaaghęhch'ill, lenye maana ya moyo wangu unachanika. Ninapopita pale nikitoka zamu ya usiku huwa ninamgusa mguu na kumwambia "Shikamoo Jumbe."

Jioni ile ya 2019, tuliporudi nyumbani, mwanangu alikaa chini mbele ya rafu ya sebuleni, ambako mke wangu ameweka kinyago cha Kimakonde tulichonunua Mwenge mwaka tulioondoka.

"Baba, na hiki ni cha kwetu?"

"Hapana. Ni cha Wamakonde. Wako kusini, Mtwara na Msumbiji."

"Sasa cha kwetu kiko wapi?"

Nilimwambia kuhusu bibi yake, kuhusu mifereji ya maji ya wazee kule milimani, kuhusu lugha ambayo mimi ninaizungumza na yeye haizungumzi. Tulikaa mpaka saa tano usiku. Tangu siku hiyo kila Jumapili anampigia bibi yake, na bibi amekataa katakata kumjibu kwa Kiswahili.

Picha za vinyago nilimtumia mzee mmoja fundi viatu wa Karume, aliyekuwa akinisaidia kurekebisha jozi mbovu. Nilimsalimu, nikamweleza kwa sauti ya WhatsApp kwamba hizi ni Jordan mpya, mtu amenunua dukani akazifumua kwa makusudi. Nilitegemea kelele. Alikaa siku mbili kimya, kisha akajibu.

"Marahaba mwanangu. Nimezikuza hizo picha, kijana wangu amenisaidia. Huyo bwana hajakata ovyo. Amefuata mshono wa kiwandani, akaufungua taratibu, angalia pale kwenye kisigino utaona matundu ya sindano ya kwanza. Kazi ile inataka mtu asiye na haraka. Ukimwona muulize ametumia uzi gani, maana huo wa kwetu siku hizi unakatika."