Kuipanga Siku ya Versailles kwa Kufuata Jua

Mwezi Juni ninakwenda tena Versailles, penye kasri la zamani la wafalme wa Ufaransa, kilomita 20 hivi kusini-magharibi mwa Paris, na safari hii nimeipanga siku yangu kinyume kabisa na mara ya kwanza. Wakati ule niliwahi kasri saa tatu asubuhi, nikafuata umati moja kwa moja hadi Ukumbi wa Vioo, nikaukuta umefifia, kwa sababu sikuwa nimejiuliza jengo lile linatazama wapi.

Chumba cha kulala cha Mfalme Louis wa 14, ambamo alifariki tarehe 1 Septemba 1715, kiko katikati ya kasri na madirisha yake yanaelekea mashariki, ilhali Ukumbi wa Vioo, wenye urefu wa mita 73, umepakana nacho kwa nyuma na kutazama bustani upande wa magharibi. Madirisha 17 ya ukumbi huo yanakabiliana na matao 17 yenye jumla ya vioo 357. Ukilisogelea tao moja utahesabu vipande 21 vilivyounganishwa kwa ustadi, kwani ufundi wa kupuliza kioo uliotumika enzi hizo haukuwezesha kutengeneza vipande vikubwa. Vioo hivyo vinangoja jua la alasiri, nami nimeamua kulingoja pamoja navyo.

Kwa hiyo asubuhi yote nitaitoa kwa bustani zilizobuniwa na André Le Nôtre, mtaalamu wa bustani wa Louis wa 14, nikiambaa Mfereji Mkuu, ambao una urefu wa mita 1,670; viatu vya kutembelea ni jambo la lazima. Majumba ya Trianon, yaani makasri madogo yaliyo mbali kidogo na kasri kuu, hayafunguliwi kabla ya saa sita mchana, na hilo linaafikiana vizuri na mpango wangu. Ninataka hasa kukaa kwa utulivu katika bustani ya Petit Trianon, mahali alipokuwa Malkia Marie-Antoinette tarehe 5 Oktoba 1789 alipoletewa habari kwamba umati unakuja kutoka Paris. Kesho yake familia ya kifalme iliondoka, na haikurudi tena kuishi pale.

Mengine ni madogo, ingawa yanaweza kuiharibu siku. Kasri hufungwa Jumatatu. Siku za maonyesho ya chemchemi, bustani nazo hulipiwa, hivyo nimechukua tiketi ya jumla inayoruhusu kuingia kote. Treni za RER C, njia ya reli itokayo Paris, huachana njiani, na mji wenyewe una vituo zaidi ya kimoja. Nitausoma ubao kwa makini hadi nione jina la Versailles Château Rive Gauche, ambako mtu hutembea dakika kumi tu kufika langoni.

Muda wangu wa kuingia kasri ni saa kumi alasiri. Nikizipita sebule za mfalme bila haraka, nitaufikia ukumbi karibu saa kumi na moja, jua likiwa limeshageukia madirishani.