Figo zangu ziko kwenye daftari la duka

Tangu ijulikane nina ugonjwa sugu wa figo, ushauri nimepewa wa bure kwa gunia. Kunywa maji lita tano. Kunywa mizizi ya mzee fulani Mbagala, inasafisha. Jirani mmoja alinipa pole kana kwamba nishalazwa Muhimbili kwenye mashine ya kusafisha damu. Hakuna aliyesema la maana: dada, andika namba zako, uzifuate mwenyewe.

Mimi natunza hesabu za duka la spea Kariakoo, namba hazinitishi. Wifi yangu ndiye zilimtisha. Kipimo cha kwanza kriatinini, yaani taka ya misuli kwenye damu ambayo figo huichuja, ilisoma 1.4. Miezi mitatu baadaye nikapima maabara nyingine, karibu na kwangu Tabata, karatasi ikaja na 124. Wifi akaidaka, akaisoma, akaisoma tena, kisha yowe: "Uwiii! Wifi, kutoka moja mpaka mia na ishirini na nne!" Kufika magharibi shangazi wa Tanga analia kwenye simu, na kaka wa Mwanza kashatuma hela ya kuanzia safari ya India.

Mimi nikatazama yale maandishi madogo pembeni ya namba. Karatasi ya kwanza: miligramu kwa desilita. Ya pili: maikromoli kwa lita. Kumbe ni dola na shilingi! Nikavuta kikokotoo cha dukani, 124 gawanya kwa 88.4, ikaja 1.4. Figo zilikuwa palepale. Hela ya kaka sikuirudisha.

Tangu siku hiyo napima maabara moja tu, asubuhi, na daftari ni lile refu la mistari. Tarehe, kriatinini, eGFR (makadirio ya kasi ya figo kuchuja), presha, protini ya mkojo, na safu ya mwisho nimeiandika "mambo mengine". Hiyo ya mwisho ndiyo najivunia. Kuna mara eGFR ilishuka kutoka 45 hadi 36, daktari akakunja uso. Nikamfunulia daftari: jana yake send-off ya binti wa dada, nyama choma mpaka saa sita usiku. Akacheka. Nyama nyingi iliyopikwa hupandisha kriatinini kwa muda. Akataka nirudie bila nyama, ikarudi 45. Bila ile safu ningeandikiwa daraja lingine kabisa la ugonjwa, maana 45 hadi 59 ni daraja la 3a, na 30 hadi 44 ni 3b.

Kushuka kidogo kidogo ni umri, daktari hashtuki. Anachokiwinda ni eGFR kuporomoka kwa zaidi ya 5 ndani ya mwaka na isirudi. Ndiyo maana namba moja haimwambii kitu, anataka mstari. Nimeuchora kwenye karatasi ya grafu niliyochana kwa mwanangu wa sekondari. Unalala, haujainama.

Mkojo nao. Wako wanaojisifu "mkojo wangu mweupe, figo nzima". Haya. Wangu ulikuwa mweupe na albumini, ile protini inayovuja, ilikuwa miligramu 210 kwa kila gramu ya kriatinini, wakati inatakiwa chini ya 30. Ombeni kipimo cha albumini kwa kriatinini, mkojo wa kwanza wa asubuhi. Bei yake si ya kutisha, ingawa inapishana sana kati ya maabara na maabara. Ukiwa na homa au UTI, subiri upone, itakudanganya. Baada ya kuanza losartani, dawa ya presha, na presha kutulia, yangu imeshuka hadi 90. Wakinipima damu wanaangalia na potasiamu, kwa sababu ya hiyo dawa.

Diklofenaki, vile vidonge vya maumivu ya mgongo, nimeziacha, daktari kanikataza kabisa. Mizizi ya Mbagala sijaionja.

Na majibu yakitoka kwenye zile karatasi za risiti, piga picha siku hiyohiyo. Wino wake hufifia, na mimi moja nimebaki nayo nyeupe tupu.