Nilivyoishi muhula mzima na mwanafunzi wa chuo cha Kikristo nyumbani kwetu Kikwajuni

Mwishoni mwa 2023 niliombwa kumpokea mwanafunzi kutoka Marekani. Nilikuwa nimeshastaafu ualimu wa skuli, watoto wangu wakubwa wana majumba yao, na chumba cha juu kilikuwa kitupu. Wageni wanaokuja Unguja kujifunza Kiswahili na kulala kwenye nyumba za watu tumewazoea. Kilichonifanya nifikiri mara mbili ni kwamba huyu alitoka chuo cha Kikristo hasa, ambako wanafunzi husali pamoja katika kanisa la chuo, husoma Biblia kama somo la lazima, na hutia saini ahadi ya namna watakavyoishi, pamoja na kutogusa pombe. Muhula huu wa ugenini ulikuwa unahesabiwa kwenye shahada yake. Alitakiwa aishi na familia, asali na Wakristo wa hapa, na aandike kila anachokiona. Baadhi ya wanafunzi wa vyuo kama chake hupelekwa Uganda, kule Mukono, kwenye Chuo Kikuu cha Kikristo cha Uganda. Yeye alipangiwa Unguja, ambako ukigonga mlango wowote mtaani kwetu utaitikiwa na Muislamu.

Msimamizi wao alinitoa wasiwasi kwa kuniambia binti ni mpole, mambo ya dini hatayagusa kabisa. Nikamjibu kwamba hilo ndilo nisilolitaka. Mtoto wa mtu hawezi kukaa kwangu miezi minne akisali kwa kujificha chini ya shuka, na mimi siwezi kuishusha sauti ya Kurani nyumbani kwangu kwa ajili ya mgeni. Kama kila mmoja wetu atajifanya hana dini, huo muhula utamfundisha nini?

Kabla hajafika nilikwenda kwa Sheha, kiongozi wa serikali wa mtaani kwetu, na nakala ya pasipoti yake na kibali. Sheha aliniuliza nani atakuwa dhamana wake, na kama atafanya mahubiri mtaani. Nikamwambia dhamana ni mimi na mume wangu, anakuja kusoma, na ibada yake ataifanya kanisani. Akaandika, akanitakia kheri. Nawahimiza kina mama wenzangu wasiiruke hatua hii. Sheha akishajua, watu wakienda kwake na maneno wanakuta ana jawabu.

Usiku wa kwanza baada ya chakula tulikaa naye ukumbini, mimi, mume wangu, mama yangu mzazi na binti yangu wa mwisho. Nikamweleza taratibu, kwa Kiswahili chepesi, na binti yangu akinisaidia pale lugha ilipomshinda. Adhana ya alfajiri itakuamsha, utazoea. Nguruwe na pombe haviingii humu. Ukitoka nje vaa dera au nguo ndefu na mtandio begani. Biblia yako iweke mezani, usiifiche kabatini. Watu watakuuliza dini yako, na wewe wajibu tu. Ila binti yangu usimwalike kanisani, na watoto wa mtaani usiwawekee mikono kuwaombea, maana wana wazee wao. Na upande wetu, hakuna mtu humu ndani atakayekushawishi kusilimu. Akitokea mtu wa nje akakusumbua, njoo uniambie mimi.

Alisikiliza, kisha akauliza kama anaweza kuomba kabla ya kula. Mama yangu akamjibu mwenyewe: "Sisi tutasema Bismillahi, nawe sema yako, mjukuu wangu. Chakula hakikimbii." Kuanzia hapo akamwita Bibi, na mimi akaniita Mama. Kila asubuhi akishuka ngazi alianza na shikamoo ya Bibi kabla ya kusema jambo jengine lolote.

Jumapili ya kwanza nilimpeleka Mkunazini mwenyewe, kwa miguu, tukikatiza Mnazi Mmoja, mimi na buibui langu na yeye na Biblia yake mkononi. Nilifanya hivyo kwa kusudi. Nilitaka wanaotuona waone kwamba haendi kwa kutoroka, ni mimi ninayempeleka. Nilimfikisha getini kwenye Kanisa Kuu la Kristo, la Waanglikana, nikamkabidhi kwa mama mmoja aliyekuwa akiingia, nikarudi. Jumapili nyengine akawa anasindikizwa na mpwa wangu.

Maneno yalikuja kama nilivyotarajia, na yalikuja kutoka pande mbili. Wako waliosema nimeingiza mhubiri mtaani. Na wako waliosema Mungu amenishushia thawabu mlangoni, iweje nisimtamkishe shahada mtoto huyu. Jirani yangu mmoja, mtu mzima ninayemheshimu, alilisema hili la pili barazani mbele ya wenzetu. Nikamwambia: huyu ni amana, bibi, wazazi wake wamemwacha mikononi mwangu kwa kuniamini. Akija mwenyewe siku moja kwa hiari yake, milango ya misikiti iko wazi. Lakini mimi sitautumia wali ninaompa kuwa mtego.

Nikamtolea na kisa ambacho nilikuwa nikipenda kuwasomesha wanafunzi wangu. Edward Steere, aliyekuja kuwa Askofu wa hapa, katika dibaji ya kitabu chake cha sarufi ya Kiswahili kilichotoka 1870, anamshukuru Sheikh Abdulaziz, mwanachuoni wa mji huu, aliyejitolea kumfasiria Zaburi kutoka Kiarabu kwa Kiswahili kilicho bora na safi. Sheikh alifika Zaburi ya 16. Shughuli zake zilikuwa nyingi, na Steere naye akaona lugha ya Sheikh ni ya kisomi mno kwa wasomaji aliowakusudia, kazi ikasimama hapo. Sheikh alibaki Muislamu na Steere alibaki Mkristo. Kama mwanachuoni wa Unguja aliweza kukaa na padri juu ya Zaburi, mimi nitashindwa vipi kukaa na msichana juu ya sinia ya wali? Jirani hakukubaliana nami moja kwa moja, lakini hakulirudia tena, na siku ya pili alimletea binti mkate wa kumimina.

Kanisa lenyewe lilimpa shida ya namna yake. Huko kwao wanaimba kwa magitaa na mchungaji havai joho. Mkunazini alikuta uvumba, kengele, watu wanapiga magoti, na ibada inaitwa Misa. Alirudi amechanganyikiwa, akaniuliza mimi kama hiyo ni sawa. Nikamwambia hilo akamuulize padri, mimi si wa kumjibu. Ninafurahi kwamba alimuuliza, na kwamba hakuhama kutafuta wageni wenzake wa kusali nao. Alipata marafiki kule: wauguzi na walimu waliotoka bara kikazi, na wenyeji wa Unguja ambao mababu zao walikombolewa utumwani wakasomeshwa kwenye skuli za misheni za Mbweni na Kiungani.

Jambo zito kuliko yote lilikuwa hilo la utumwa. Kanisa limejengwa pale pale palipokuwa na soko la watumwa, lililofungwa mwaka 1873, na jiwe la msingi likawekwa siku ya Krismasi ya mwaka huo huo. Siku walipotembezwa na mwalimu wao alirudi hataki kula. Jioni akauliza, kwa adabu lakini wazi, kama ni kweli kwamba Waislamu waliuza watu na Wakristo wakawaokoa. Mume wangu alikasirika kidogo. Mama yangu akamwashiria anyamaze.

Bibi akamhadithia kwamba nyanya yake yeye aliletwa Unguja mdogo, kutoka bara, akatiwa kwenye shamba la karafuu. Bwana wake alikuwa Muislamu, ndiyo. Na yeye nyanya alikuwa Muislamu, akaswali hadi kufa kwake, na dini hiyo hakuna aliyempa kwa fimbo. Halafu mimi nikaongeza yale ya darasani. Uingereza ilianza kuitawala nchi hii kwa jina la himaya mwaka 1890, na amri ya kuondoa hadhi ya utumwa kisheria ilitoka 1897. Miaka saba bendera ya wakombozi ilikuwepo na watumwa walikuwa bado mashambani. Hata baada ya hapo masuria waliachwa nje ya amri hiyo hadi 1909. Karafuu ile nayo ilikuwa ikipakiwa melini kwenda kwa wanunuzi wa nje. Kwa hiyo usiandike, mwanangu, kwamba kulikuwa na dini ya wauzaji na dini ya wakombozi. Na sisi pia hatutasema kwamba hapakutokea kitu, maana aliyetuzalia ukoo huu ndiye aliyeletwa.

Tulikaa hadi usiku mwingi. Aliandika insha yake ya chuo juu ya mazungumzo hayo, akanisomea kwanza kabla ya kuituma, na aliacha jina la Bibi nje kama nilivyomuomba.

Ramadhani ndiyo niliyoipanga mapema kuliko kitu chochote, kwa sababu mwaka ule 2024 iliingiliana na Kwaresima. Kwao Jumatano ya Majivu ilikuwa tarehe 14 Februari, mwezi wetu ukaingia katikati ya Machi, na Pasaka ikaangukia tarehe 31 Machi, sisi tumo ndani ya saumu. Nikamwambia mchana migahawa mingi ya mjini inafungwa na huwezi kula wala kunywa njiani. Chakula chako cha mchana nitakiacha jikoni kimefunikwa, utakula chumbani. Vuga, kwenye darasa lako la Kiswahili, kunywa maji ndani, si barabarani.

Akaniomba afunge na sisi. Nikakataa. Najua wenyeji wenzangu wengine hupenda sana mgeni akifunga, wanampiga na picha, lakini mimi naona saumu ni ibada, haiwi zoezi la kuandikia ripoti. Zaidi ya hayo, yeye alikuwa na mfungo wake. Kwaresima ile alijinyima sukari. Fikiria futari ya Kiunguja bila sukari! Kaimati hali, tambi hali, ndizi mbivu za nazi hali, uji anauomba kabla sijautia sukari. Mama yangu aliona anadharau chakula, hadi binti alipomweleza kwa nini. Bibi alinyamaza, halafu akaniambia nimtengee muhogo na majimbi ya nazi, samaki wa kukaanga, na uji mtupu wenye pilipili manga, kila siku, asibembelezwe na mtu. Nikafanya hivyo. Yeye naye akachukua kazi ya kukuna nazi. Alasiri nzima yuko juu ya mbuzi pale uwani, jasho linamtoka, huku amekula mchana na wakunaji wenziwe hawajala, na hilo halikumsumbua yeye wala sisi.

Usiku wa kuamkia Pasaka hatukuhitaji kumwamsha. Alishuka wakati wa daku, na mimi nilikuwa nimempikia mkate wa kumimina wenye sukari ya kutosha. Alikula pale pale na sisi, sisi tukaingia kwenye saumu, yeye akavaa akaenda Misa na mpwa wangu. Mchana alikula sikukuu na wenziwe wa kanisani, ndivyo tulivyokubaliana. Magharibi nikapika kuku wa kupaka na biriani, tukafuturu sote. Mume wangu akampa mkono wa Pasaka. Idd ilipofika tarehe 10 Aprili, alishonewa nguo sare na binti yangu, wakazunguka nyumba za jamaa pamoja.

Mambo mengine yalikwenda mepesi. Kuhusu picha tulipatana kwamba mtoto hapigwi mpaka mzazi wake akubali, na picha inaonyeshwa kwa mzazi kabla haijatumwa kokote. Alipotaka kugawa pesa kwa watoto wa uchochoroni nilimzuia, nikampeleka kwa mwalimu wa skuli ya jirani akawa anawasaidia wanafunzi kusoma Kiingereza jioni. Hilo lilikuwa na faida, na lilimpa heshima mtaani.

Aliondoka Mei kwa boti ya Dar es Salaam. Kabla hajaondoka, msimamizi alinipa karatasi ya kueleza mambo yalivyokwenda. Niliandika kwamba familia inayopokea iambiwe mapema mwanafunzi ni wa kanisa gani, anafunga mfungo gani na lini, na hatakula nini. Na kwamba mwanafunzi naye aambiwe tarehe za Ramadhani kabla hajakata tikiti. Wamelikubali. Karatasi iliyokuja na mwanafunzi niliyempokea baada yake ilikuwa na maswali hayo, yameshajibiwa kwa mkono wake mwenyewe. Huyo hali nyama Ijumaa, na kwa bahati samaki hapa Unguja hawakosekani.