Nenda Kaniletee Mpira

Redio ya babu ilikuwa na kushoto na kulia. Waliosikiliza mpira wa Radio Tanzania Dar es Salaam miaka ile wananielewa. Kabla ya filimbi ya kwanza mtangazaji alikuwa akikupangia uwanja mle mle ndani mwako: timu hii inashambulia kutoka kushoto kwenda kulia mwa redio yako, ile inatoka kulia kwenda kushoto. Basi babu, aliyepotewa na macho kwa presha ya macho kabla mimi sijaanza shule, huiweka redio mapajani na kuishika ubavu huu kwa kiganja kimoja na ubavu ule kwa kingine. Mpira ukienda kulia, vidole vya kulia vinakaza. Ukipatikana mpira wa kona, kidole cha shahada kinatambaa polepole mpaka kwenye pembe ya redio na kungoja pale. Mpira nimejifunzia kwenye vidole vya babu. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja na sikuwahi kuuona uwanja wenye majukwaa.

Tulikaa Kigombe, kati ya Tanga na Pangani, upande mmoja mashamba ya mkonge, upande mwingine bahari. Ujanani babu alikuwa baharia wa majahazi. Lamu, Mombasa, Pemba, Unguja, zote alizijua kwa harufu kabla ya kuziona, au ndivyo alivyotuambia. Mimi alikuwa akiniita mke wangu, kama babu wa pwani wanavyowaita wajukuu wao wa kike, na bibi akinisikia naitika huja na mwiko jikoni akisema, "Haya, mke mwenzangu, njoo na wewe ukune nazi."

Mwaka huo ni 1993. Bara hakukuwa na kituo hata kimoja cha televisheni. Wazanzibari walikuwa nayo ya rangi tangu miaka ya 1970, lakini sisi tulikuwa na redio, na redio ilikuwa moja tu, ya taifa. Watangazaji kina Ahmed Jongo na Charles Hilary tuliwajua sauti kama tunavyowajua wajomba. Babu alikuwa mtu wa Coastal Union na hakuacha kuusimulia ubingwa wa 1988, lakini mwezi ule wa Novemba hapakuwa na Coastal wala Yanga. Simba walikuwa wameingia fainali ya Kombe la CAF, na klabu ya Tanzania ilikuwa haijawahi kufika fainali ya Afrika. Mechi ya kwanza kule Abidjan walitoka suluhu na Stella ya Ivory Coast, bila bila. Ya marudiano ilikuwa Dar es Salaam, Uwanja wa Taifa. Kijijini watu walishalibeba kombe tayari. Ilisemwa hata kwamba kila mchezaji ameahidiwa gari.

Taabu ilikuwa mawe ya redio, betri zake. Manne, makubwa, na yalishachoka tangu Jumatatu. Siku tano nzima kazi yangu ilikuwa kuyaanika juani, juu ya kipande cha bati, na kuyageuza kama dagaa. Asubuhi ya siku yenyewe niliyang'ata moja moja ubavuni, kwa kuwa watoto wote tuliamini jiwe liking'atwa linapata nguvu. Dukani yalikuwa yamekwisha. Kila mwenye redio alikuwa na akili kama yetu, ila wao waliwahi. Alasiri babu akakaa barazani, kofia kichwani, kanzu ya Ijumaa mwilini ingawa haikuwa Ijumaa. Akafungua. Tukasikia bahari ya watu, tukamsikia mtangazaji akianza kutaja wachezaji, Mohamed Mwameja golini, kisha sauti ikaanza kuzama. Ilizama kama mtu anayeongea huku anakwenda zake. Babu akainua redio mpaka sikioni. Ikabaki mkwaruzo, halafu hata mkwaruzo ukakata. Mpira wenyewe ulikuwa haujaanza.

Nilidhani atakasirika. Aliirudisha redio mapajani, mikono pale pale, kushoto na kulia, akanyamaza kidogo. Kisha akasema, "Kwenye baraza la kahawa wanayo redio. Nenda kaniletee mpira."

Nikamwambia twende wote, nimshike mkono. Akatikisa kichwa. Baraza lile alilikalia miaka yote akiwa na macho, na hakutaka kufika pale akikokotwa na mtoto siku ambayo kijiji kizima kipo. Hilo hakunieleza. Nimelielewa nilipokuwa mtu mzima.

Kutoka kwetu mpaka barazani kulikuwa na nyumba saba, kisima na mti mmoja wa mkungu. Nikatimua mbio. Wanaume walikuwa wamejazana mpaka barabarani, mimi nikajipenyeza kati ya miguu, nikasikiliza kidogo, nikarudi nahema.

"Bado, babu. Bila bila."

"Hiyo ni hesabu," akasema. "Hesabu hata mwenye duka anayo. Mimi nimekutuma mpira."

Sikujibu. Nikarudi tena, na njiani nilikuwa naumia, kwa sababu nilijua anachotaka na sikujua kinabebwaje. Maneno ya mtangazaji ni mengi na yanakwenda kasi. Nikiyakariri neno kwa neno, nikifika kwenye kisima yameshamwagika yote. Safari ile nilisimama karibu na redio nikafumba macho kama yeye. Nikaacha kushika majina na pasi, nikangoja mpaka nione kitu. Nikaona, au nilijionea mwenyewe, sijui. Nikakimbia nacho hicho hicho kimoja.

"Babu, Stella wamebanwa kule kwao. Wamo kama changu kwenye dema. Wanazunguka, wanazunguka, mlango hawauoni."

Vidole vyake vikakaza. "Upande gani?"

"Kulia."

"Na wetu wako wapi?"

"Wamekaa mlangoni."

"Ahaa," akasema babu, na kwa mara ya kwanza jioni ile akaegemea ukuta. "Haya, nenda."

Nimeifikiria mara nyingi ile ahaa. Dema na changu nilivitoa kwa nani kama si kwake? Yeye ndiye aliyenionyesha dema, alinishikisha mlango wake ulivyo mpana kwa nje na mwembamba kwa ndani. Nilichofanya ni kumrudishia kitu chake mwenyewe, na yeye akakitia wachezaji ishirini na wawili na nyasi na watu wote wale. Mimi uwanja ule sikuwahi kuuona, na yeye hakuwahi. Mimi nilikuwa nimeujenga kwa minazi: uwanja wa shule yetu, na kuuzunguka minazi elfu, kila mnazi mtu. Yeye alisema wake ni kama viwanja vya Idd, ila umeinuka pembeni kama ubavu wa jahazi likiwa limekaa mchangani, na watu wamekaa kwenye mbavu. Miaka mingi baadaye nikaingia Uwanja wa Taifa kwa miguu yangu, siku hizi unaitwa Uwanja wa Uhuru. Uwanja mzuri, lakini nilijikuta natafuta minazi. Televisheni nazo zilikuja bara mwaka mmoja tu baada ya mechi ile, 1994, na mara ya kwanza nilipotazama mpira kwenye kioo nilishangaa kwamba nimekaa tu. Sikupewa kazi yoyote.

Nilikwenda na kurudi, sihesabu mara ngapi. Sasa nilishaipata njia. Mara nikamletea winga anayekimbia kandokando ya chaki kama kaa anayewahi shimo lake. Mara nikamletea Mwameja amesimama golini peke yake kama mlinzi wa taa ya mnara. Mengine mtangazaji aliyasema. Mengine niliyatunga pale kwenye mkungu, nakiri, kwa sababu nilikuwa nimeonja utamu wa kuona vidole vile vikiitika kila ninachosema. Mtoto wa miaka kumi na mmoja, na mtu mzima aliyevuka bahari anakaza mkono kwa neno langu. Ulevi wa namna hiyo sikuwa nimewahi kuujua.

Ndipo Stella wakafunga.

Nilikuwa barazani. Jina lililotoka kwenye redio ni Boli Zozo, jina ambalo watu wa umri wangu hawajalisahau mpaka leo. Kelele za kule Dar zilikatika, na za baraza zikakatika, na mimi nikarudi kwa kutembea. Kwenye mkungu nikasimama. Nikaamua. Nikafika nikasema Simba wameshambulia, mpira umegonga mwamba, umetoka nje, bado bila bila. Nilisema vizuri kuliko safari zote. Niliweka na sauti ya mwamba: taa!

Vidole havikusogea.

"Mke wangu," akasema babu, "kijiji kimenyamaza."

Sikusema kitu.

"Nimekaa hapa nasikia. Kila ulipoondoka nilikuwa nasikia sauti kule, zinapanda zinashuka. Sasa hivi upepo umeanguka wote. Mpira ukigonga mwamba watu hupiga kelele." Akaugeuza uso wake kwangu, pale hasa nilipokuwa nimesimama. "Wengine wananiambia mambo, nachukua nusu naacha nusu. Kwako sijawahi kuacha kitu. Ukinipitisha kwenye shimo ukaniambia ni njia, basi mimi tena sina pa kukanyaga."

Hakupaza sauti. Nilitamani apaze. Nikamwambia, wamefunga, babu. Stella wamefunga, mimi nimeongopa. Akasema, "Haya," akanyoosha mkono akanishika kichwa, mkono mzito, mkavu, unaonuka tumbaku. "Rudi. Niletee kilichopo."

Kilichopo. Nilikwenda na neno hilo. Barazani sikuweza kufika karibu na redio. Watu walikuwa wameizunguka kama wagonjwa wanavyomzunguka mganga, na mimi nilisukumwa mpaka nyuma, kwenye jiko la muuza kahawa. Maneno ya mtangazaji yalinifikia vipande vipande. Kwa hiyo nilipokuwa nimesimama pale nilianza kutazama nilichoweza kukitazama, watu.

Na pale pale likaingia la pili. Boli Zozo tena.

Safari hii nilitembea pia, lakini sikusimama kwenye mkungu. Nikakaa chini barazani karibu na miguu ya babu. Nikamwambia, babu, wamefunga la pili, lilivyofungwa sikusikia.

"Ulikuwa wapi?"

"Nyuma. Kwa muuza kahawa."

"Basi niambie ya hapo."

Nikamwambia. Muuza kahawa alikuwa na vikombe vitatu mkononi anavigonganisha, tiki tiki tiki, kama kawaida yake, na yule mzee anayeshona nyavu alikuwa amemnyooshea kikombe amiminiwe. Muuza kahawa akainamisha dele. Kahawa ikaanza kushuka. Mtangazaji akapaza sauti. Vikombe vikanyamaza. Muuza kahawa akageuza uso kuitazama redio, lakini mkono ulisahau, ukaendelea kumimina. Kikombe kikajaa, kahawa ikapanda ukingoni, ikafurika, ikateremka kwenye vidole vya mzee, ikapita kwenye kiganja, ikaingia kwenye mkono wa kanzu. Kahawa ya moto ile, nilikuwa naona mvuke. Na yule mzee hakuondoa mkono, babu. Alikuwa anaitazama redio. Hakuna aliyesema kitu mpaka dele likaisha.

Babu alikuwa ameinua mkono wake wa kulia kutoka kwenye redio. Aliushika hewani, vidole vimejikunja kidogo, kama aliyeshika kikombe. Nikamwona anakunja uso, kisha akaupangusa mkono ule polepole kwenye kanzu yake ya Ijumaa, kiganja, na nyuma ya kiganja, na katikati ya vidole.

Tukakaa. Bibi alitoka akasimama mlangoni, akatutazama, akarudi ndani bila kuuliza. Kule barazani watu walianza kutawanyika, tukisikia kandambili zao mchangani, na hakuna aliyekuwa akiongea. Babu akapapasa kitufe cha redio iliyokuwa imekufa tangu alasiri, akakizungusha mpaka kikalia tiki.

"Yule mshona nyavu," akasema, "kanzu yake ilikuwa nyeupe?"

"Nyeupe."

"Na baada ya pale alimiminiwa kingine, au aliondoka hivyo hivyo?"

Nilifikiri. Ningeweza kusema chochote. Nikamwambia sijui, babu, niliondoka kabla.

"Basi nenda kaangalie," akasema. Nikanyanyuka nikakimbia.