Senene wa Shangazi

Juzi binti yangu alikuwa anakaanga senene, wale panzi wa kuliwa, tulioletewa kutoka Muleba, kwetu Uhaya. Akatupia mmoja mdomoni hata hajapoa, akaniuliza: "Baba, kweli zamani wanawake walikuwa wanawakaanga tu, hawali?"

Kweli. Walikamata, wakanyonyoa mabawa, wakakaanga. Wanaume wakala. Utotoni nilimwona mwanamke mmoja tu akila senene mbele za watu, na siku hiyo hakula kwa njaa.

Ilikuwa matanga ya babu, Novemba 1991. Mimi ndiye niliyekuwa nazungusha lubisi, pombe ya ndizi, kwenye kikao cha ukoo, kwa hiyo nilisikia yote. Walikuwa wanagawa kibanja, shamba la ukoo. Shangazi, aliyerudi kutoka kwa mumewe na kumuuguza babu hadi mwisho, aliambiwa na mzee wa ukoo: "Binti yetu, utakula ndizi na kahawa mpaka siku zako ziishe. Kuuza, hapana." Hakuna aliyeshangaa. Mila hiyo serikali ilikuwa imeiandika tangu 1963.

Shangazi alikuwa amepiga magoti kama ilivyo desturi. Akainuka. Nyasi zilikuwa zimemganda magotini, akazipukuta taratibu, moja moja, wazee wakimngoja.

"Holaria Pastory mnamjua?"

Kimya. Walimjua. Mwanamke wa Muleba hiyohiyo, aliyerithi shamba kwa baba yake, akazeeka hana wa kumtunza, mwaka 1988 akaliuza shilingi 300,000 kwa mtu asiye wa ukoo. Mahakama ya Mwanzo Kashasha ikabatilisha. Ya Wilaya ikampa haki. Mpwa wake akakata rufaa Mahakama Kuu Mwanza, na Februari 1990 Jaji Mwalusanya akasema Katiba haimbagui mwanamke: anauza kama anavyouza mwanamume.

"Mimi siuzi," shangazi akasema. "Ila msiniambie siwezi."

Kisha akanyoosha mkono kwenye sinia la wazee, akachota senene konzi nzima, akatafuna. Mpaka leo nausikia ule mlio, kru, kru, kru, na wazee wenye meno yao wote wamenyamaza. Baba mdogo akanikodolea macho mimi, utadhani ndiye niliyempa.

Mengine yalikwenda haraka. Walibishana mpaka usiku, akapewa kipande chake, baba mdogo akamnunia miaka. Hakuuza hata mgomba mmoja.

Alipougua, dada yangu ndiye aliyemwogesha na kumlisha. Wosia uliposomwa, kibanja kilikuwa changu. Nilikuwa nimeshamuuliza kabla hajafa. Alicheka kidogo, akasema: "Dada yako si ataolewa?" Jina la Holaria lilinifika kwenye ncha ya ulimi. Nikalimeza.

Nilipomaliza kusimulia, binti yangu alikuwa ameacha kukoroga.

"Kwa hiyo hati anayo shangazi yangu, au unayo wewe?"

Nikamwambia aangalie kikaango, senene wanaungua.